Mnyoo wa Mama Mkwe

Katika wiki saba Mama Vichupa alimpima mnyoo yule mara arobaini na moja, na mara zote arobaini na moja alipata jibu asilolitaka.

Mnyoo mwenyewe hakufikia hata nusu ya punje ya mchele. Alikuwa amelazwa katikati ya vipande viwili vya kioo, amepauka kama uzi uliofuliwa mno, na tangu atolewe baharini ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja. Alikuja kwa posta kutoka makumbusho ya nchi ya mbali, ndani ya kisanduku cha mbao kilichojaa pamba, pamoja na barua ya kusema arudishwe baada ya miezi sita, salama kama alivyokuja. Siku alipofika, Mama Vichupa alitia sahihi, akafunga mlango wa maabara, akamweka chini ya hadubini. Akatazama. Akainuka, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi, akatazama tena. Jasho jembamba likamtoka shingoni.

Jasho hilo lilikuwa na sababu yake nyumbani.

Mama Vichupa alikuwa mtaalamu wa minyoo wa baharini, wale wadogo kabisa wanaoishi ndani ya sifongo, kwenye matope, na katika utando unaoota juu ya nguzo za gati. Kazi yake ilikuwa kukwangua, kuchekecha, kutenga na kutazama. Na akimpata asiyefanana na yeyote aliyewahi kuandikwa, kumweleza na kumpa jina. Alikuwa ametoa majina kumi na manne. Mtaani kwao hakuna aliyeielewa kazi hiyo. Jirani mmoja aliwahi kumletea binti yake aliyekuwa akiumwa tumbo, akanuna alipoambiwa ampeleke zahanati. "Sasa hiyo minyoo uliyosomea ni ya nani?" akauliza. Jina lenyewe la Mama Vichupa lilitokana na mkoba wake, uliolia kilikili kila alipopanda ngazi, kwa sababu ya vichupa vya sampuli alivyovisahau humo.

Aliolewa katika nyumba ya mkunga. Mama mkwe wake alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne, na hata baada ya kustaafu aliomba chumvi mezani kwa sauti ile ile aliyowaambia wanawake wasukume. Hakumpenda mke huyu wa mwanawe, wala hakumchukia. Alimwona mtu asiyetulia, anayeinuka kabla sahani haijakwisha, ananuka spiriti, anazungumza huku anatazama ukutani. Alimwita "mke wa mwanangu", hata akiwa amesimama mbele yake, kana kwamba anamzungumzia mtu aliye chumba cha pili.

Kisha akapatikana mnyoo mwenye watoto. Mama Vichupa alimkuta ndani ya sifongo ya manjano: milimita tatu, macho manne mekundu, na mgongoni watoto kumi na mmoja, wamejipanga wawili wawili na mmoja peke yake mkiani, kila mmoja ameshikiliwa na vinyweleo vya mama yake. Alipekua vitabu vyote. Aliyekaribia kufanana naye alikuwa mmoja aliyeelezwa zamani sana, kwa aya moja na mchoro mmoja; lakini huyo aliandikwa kuwa hana macho, na pampu ya misuli anayonyonyea chakula ilichorwa ndefu mara mbili. Sampuli yake ilisemekana imepotea. Basi huyu wa sifongo alikuwa mgeni. Mama Vichupa akampa jina la mama mkwe wake, akalivalisha mkia wa Kilatini kama sheria ya majina inavyotaka, akaenda nyumbani na karatasi iliyochapishwa, anacheka peke yake njiani.

"Katika viumbe vyote alivyoviumba Mungu," mama mkwe alisema, ameishika karatasi kwa ncha za vidole, "mimi umenitafutia mnyoo?"

"Mama, ni heshima kubwa. Hata wafalme wanapewa."

"Basi ungempa mfalme."

Wiki mbili hakula naye meza moja. Kilichomgeuza ni mchoro. Mchoraji wa taasisi alikofanya kazi Mama Vichupa, mzee mpole mwenye kalamu nyembamba kama sindano, alikuwa amemchora mnyoo yule akajaza karatasi nzima. Siku moja mkunga alimkuta mwanawe akiutazama mchoro huo. Akamnyang'anya, akavaa miwani, akahesabu watoto kwa kidole.

"Kumi na mmoja," akasema. Akasogeza miwani. "Na wote wametanguliza kichwa."

Tangu siku hiyo mchoro ukaingia kwenye fremu, ukapanda juu ya televisheni. Mgeni aliyeingia alikaribishwa kiti, maji na mnyoo. "Mnamwona huyu? Ana jina langu. Dunia nzima, akitajwa yeye nimetajwa mimi." Na Mama Vichupa akaanza kuitwa "mwanangu", bila kiambatisho. Kwa miaka tisa amani ya nyumba ile ilikaa juu ya mgongo wa mdudu wa milimita tatu.

Sasa ile sampuli iliyopotea ilikuwa imeonekana, nyuma ya droo, siku makumbusho walipohamisha makabati yao. Ndiyo hii. Na chini ya hadubini pampu yake haikuwa ndefu hata kidogo. Aliyechora ule mchoro wa zamani alikosea. Macho nayo hayakuwa yamekosekana. Spiriti ndiyo iliyoyafuta, kama ilivyokwisha kuyafuta kwenye chupa za zamani za Mama Vichupa mwenyewe. Vinyweleo, kila kimoja, vilikuwa na jino dogo juu na jino kubwa chini, vilevile kama vya mnyoo wa sifongo. Walikuwa mnyama mmoja. Na sheria ya majina haina huruma: jina la kwanza ndilo jina. La pili linazama.

Na wa kulizamisha alikuwa yeye.

Akaanza kutafuta tofauti kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mfuko anaojua umetoboka. Alitoa minyoo wake wote wa sifongo, akawapima mmoja mmoja. Alibadilisha taa ya hadubini ambayo haikuharibika. Alihamisha kiti dirishani, akakirudisha. Nyumbani alibandika maji jikoni akayasahau mpaka sufuria ikakauka. Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja. Akiulizwa jambo alijibu "ndiyo" kabla swali halijafika mwisho.

"Dada," mchoraji akamwambia asubuhi moja, "umeniagiza nichore kinyweleo kimoja mara sita. Vyote vimetoka sawa."

"Chora cha saba."

Mzee akachora. Akakiweka pembeni ya vile sita, akalaza kalamu. "Mimi sijasomea minyoo. Lakini najua nikiwa namchora mtu yule yule."

Jumamosi moja mchana alimfuata mume wake kibarazani. Mume alikuwa fundi wa majokofu, na hapo alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu la mteja, mkono wote umezama ndani. Mama Vichupa akamweleza kila kitu, huku anatembea kutoka nguzo hii hadi ile.

"Watu wangapi duniani wanaweza kuligundua hilo?" mume akauliza.

"Watatu."

"Wewe ni mmoja. Na hao wawili?"

"Mmoja amestaafu. Mwingine ananiamini."

"Basi, kwisha habari."

Mama Vichupa akasimama. "Wewe unaweza kumrudishia mtu jokofu unajua gesi inavuja, halafu ukalala?"

"Kama kusema kweli ni kugombana na mama yangu? Nalala fofofo." Akautoa mkono, akaufuta kwa tambara. Alipoona mkewe hacheki, akapunguza sauti. "Mwambie. Ama usimwambie. Lakini acha kuikunja ile shuka, itatoboka."

Mama Vichupa akaamua kumwambia mama mkwe Jumapili. Jumapili ikaja na wageni, wakunga wanne wastaafu waliowahi kufanya kazi wodi moja na mama mkwe. Mama Vichupa alitoka jikoni na sinia la chai, akasimama mlangoni, kwa sababu hotuba ilikuwa imeshaanza.

"Sisi wengine watatusahau," mama mkwe alikuwa akisema, kidole juu kuelekea televisheni. "Watoto tuliowapokea hawatujui hata majina. Lakini huyu? Mimi nikifa, huyu yupo. Mwanangu huyo hapo mlangoni, muulizeni."

Wakunga wanne wakageuka.

"Ndiyo," Mama Vichupa akasema. Akaweka sinia mezani, akarudi jikoni, akawasha moto usio na kazi.

Wakati huo mama mkwe alikuwa na mambo yake. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na alilifanyia mzaha mpaka kwenye kitanda cha upasuaji. "Nimezalisha wanawake maelfu," alimwambia daktari, "lakini huyu mtoto wangu wa mwisho ndiye amegoma kutoka." Alitoka. Bandeji ilipofunguliwa, mkunga aliona mpaka vumbi la juu ya pazia, akalisema. Kisha akasema jambo lingine.

"Mchoro nimeuona miaka tisa. Sasa nataka kumwona mwenzangu mwenyewe. Nipeleke kazini kwako."

Mama Vichupa akasema taa ya hadubini imeungua. Wiki iliyofuata akasema maabara inapakwa rangi. Mara ya tatu akaanza kusema kitu kuhusu funguo, na mama mkwe akamtazama tu kwa jicho lile jipya mpaka sentensi ikamfia mdomoni.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mlinzi wa taasisi akapiga simu maabara. "Kuna bibi hapa chini. Anasema ana jamaa yake humu ndani, kwenye chupa."

Hakukuwa na muda wa kupanga chochote. Mezani kulikuwa na hadubini mbili, sako kwa bako: kulia mnyoo wa sifongo na watoto wake mgongoni, kushoto yule aliyekuja kwa posta. Mkunga akaingia, viatu vyake vya wodini miguuni, akamsalimu mchoraji, akakaa bila kuonyeshwa kiti.

"Yuko wapi?"

"Huyo wa kulia, mama. Tazama kwa juu, usiguse."

Akainama. "Heee," akasema taratibu. "Kumbe hivi ndivyo ulivyo." Akakaa naye muda mrefu, anahesabu kwa midomo. Halafu, kabla Mama Vichupa hajanyoosha mkono, akasogea akainamia hadubini ya kushoto. Napo akakaa muda mrefu.

"Huyu naye ni yeye," akasema. "Ila hana watoto, na amefifia. Umemweka mara mbili ya nini?"

Mchoraji akachukua penseli iliyokwisha kuchongwa, akaanza kuichonga.

"Umejuaje kama ni yeye, mama?"

"Mimi? Nimetazama vichanga miaka thelathini na minne. Ndugu wa tumbo moja namjua hata kabla hajafungua macho. Hapa shingoni, tazama, wamekaa hivyo hivyo."

Angeweza kudanganya tena. Maneno yalikuwa tayari. Lakini miguu ilikuwa imechoka kukimbia, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mama, huyo wa kushoto ana jina lake. Alipewa kabla hujazaliwa. Nilidhani wako ni mwingine, kumbe ni walewale. Na likipatikana jina la zamani, hilo ndilo linalobaki."

"Na langu?"

"Lako ni la pili."

Mkunga akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza majibu ya vipimo. Kisha akauliza swali ambalo Mama Vichupa hakulitegemea.

"Umejua lini?"

"Wiki saba."

"Wiki saba." Akafikiri. "Ile Jumapili ya wageni ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ulikuwa mlangoni na sinia. Nikasema nikifa huyu yupo. Nikasema wakuulize."

"Ndiyo, mama."

"Nawe ukasema ndiyo."

Mkunga akasimama, akanyoosha nguo yake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Jina hukuniomba ulipolitoa, na leo sheria inalitaka. Lichukue. Lakini mimi nimewaambia wanawake mambo mazito kuliko hilo. Nimemwambia mama kwamba mtoto hakulia. Nimemwambia pale pale, macho kwa macho, mikono yangu bado ina damu. Sikungoja wiki saba nikimwacha aendelee kuchagua jina. Mficha uchi hazai, mke wa mwanangu."

Akamuaga mchoraji, akatoka. Alipoambiwa asubiri asindikizwe, alisema njia anaiona vizuri siku hizi.

Alasiri ile ile Mama Vichupa aliandika kurasa nne ambazo zilikuwa zimemshinda kwa wiki saba. Aliziandika bila kuinuka. Alipomaliza aligundua kwamba chai aliyoletewa ilikuwa imeota utando.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Fremu haikushushwa. Wageni walipokuja walikaribishwa kiti na maji, basi. Mmoja alipouliza ile picha juu ya televisheni ni ya nini, mkunga alisema, "Mdudu wa baharini," akampitishia sukari. Mama Vichupa alilisikia hilo akiwa ukumbini, akaona afadhali angetukanwa.

Siku ya nane akabisha hodi chumbani kwa mama mkwe, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuogopa," akasema.

"Miaka tisa nakuita mwanangu, bado unaniogopa?"

"Niliogopa utaacha kuniita."

Mkunga akageuka dirishani. Nje kulikuwa na mtu anaanika nguo, akamtazama huyo mpaka nguo zikaisha. "Hiyo karatasi uliyoandika," akasema mwishowe. "Ilete."

Iliwachukua mchana wa siku mbili. Karatasi iliandikwa kwa lugha ya wataalamu, na mkunga alitaka kila sentensi ishushwe mpaka chini. Alikuwa na penseli. Kwenye sentensi ya watoto akaisimamisha.

"Umeandika mama hubeba watoto kumi na mmoja. Umewatazama mama wangapi?"

"Sita."

"Wote kumi na mmoja?"

Mama Vichupa akafungua daftari. "Kati ya tisa na kumi na wanne."

"Basi andika hivyo. Uzazi hauna namba moja." Akapiga mstari. "Na huyu bwana wa zamani, hakujua kama wana watoto?"

"Hakujua. Alimpata mmoja tu, asiye na kitu mgongoni. Sehemu ya watoto itakuwa mpya."

"Mwanamume," mkunga akasema, kana kwamba neno hilo limemaliza mjadala. Akasoma mistari miwili mingine. "Jina langu linakwenda wapi sasa?"

"Linaandikwa chini ya lile la zamani. Halifutwi. Kila atakayeorodhesha atalitaja, kisha aseme halitumiki."

"Kama mke aliyeachwa."

"Mama!"

"Si nasema tu."

Mama Vichupa akacheka, kisha akaogopa kwamba amecheka mapema. Mkunga hakucheka, ila hakumkataza. Alipoulizwa kama angependa kutajwa mwishoni mwa karatasi, kwenye shukrani, kwa kusahihisha hesabu ya watoto, alirudisha penseli mezani. "Usiniweke. Umeshaniweka mara moja."

Karatasi ilichapishwa miezi minne baadaye. Mnyoo wa posta alirudi kwao ndani ya pamba yake. Wiki ile ile ikaja barua fupi kutoka kwa yule mtaalamu aliyestaafu: alifurahi kuona jambo hili limekaa sawa, kwani yeye alikuwa na mashaka tangu mwanzo, ila hakutaka kumvunja moyo. Mume aliisoma mara mbili, akakuna kichwa, akarudi kwenye majokofu yake.

Kati ya wanawake wale wawili mambo hayakurudi kama yalivyokuwa, wala hayakuharibika. Siku nyingine mkunga alimwita "mwanangu", siku nyingine "mke wa mwanangu", kutegemea alivyoamka. Waliweza kukaa sebuleni pamoja, mmoja amejinyoosha, mwingine anapanga upya mito isiyohitaji kupangwa. "Kaa chini," mkunga alisema. Alikaa, akahesabu mpaka ishirini, akainuka.

Maana kutulia hakukuja. Yalibaki majina kumi na matatu, na kila moja sasa lilimkuna. Akaandika barua kwa makumbusho matano, akiomba sampuli za zamani zinazokaribiana na wanyama wake. Moja ikaja; jina lake likasimama. Ya pili ikaja, likasimama. Jumatatu moja karani wa posta akampigia simu kwamba kuna kisanduku kingine. Alikwenda kukichukua kwa miguu, karibu mbio, akarudi nacho kifuani, akakiweka juu ya meza ya maabara bila kukifungua.

Mnyoo aliyekuwa akisubiri kulinganishwa naye safari hii alikuwa na jina la mchoraji.

Akamwita. Mzee akaja, anafuta wino vidoleni.

"Leo ni zamu yako," Mama Vichupa akamwambia. "Sijatazama bado. Inawezekana upo, inawezekana hupo. Nimeona tutazame pamoja."

Mzee akakitazama kisanduku, kisha akamtazama yeye, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akibadilisha na mwingine. Akavuta kiti.

"Haya, fungua," akasema. "Tuone kama bado nipo."